Tathmini ya Microsoft Word: Kitufe Unachokihitaji Kisipoonekana

Microsoft Word ina vifaa vingi kuliko mtumiaji yeyote mmoja atakavyovihitaji maishani, na kwa sababu hiyo haitoshi kuitathmini kwa kuhesabu tu yale inayoyaweza. Kipimo cha haki zaidi, kwa maoni yangu, ni namna inavyomtendea mtu anayejua kwamba kifaa fulani kipo, pengine amekiona kwenye kompyuta ya mwenzake au amekisoma katika maelekezo, lakini akifungua programu yake mwenyewe hakioni kitufe chake popote. Tathmini hii inaipima Word kwa jambo hilo moja, na panapostahili itailinganisha na programu nyingine mbili za kuandikia, LibreOffice Writer na Google Docs. Niseme mapema kwamba alama ninazoipa ni za wastani: ni nadra sana vitufe vya Word kupotea kweli, ila programu yenyewe ni bahili mno wa kueleza vilikokwenda.

Tatizo hili halikuanza jana. Matoleo ya zamani yalipanga amri zake katika menyu na pau za vifaa, na katika Office 2000 Microsoft ilileta menyu zilizojifupisha zenyewe, zikionyesha amri zinazotumiwa mara kwa mara na kuzificha nyingine hadi mtumiaji asubiri kidogo au abofye mshale wa chini. Nia ilikuwa kupunguza msongamano, lakini matokeo yake ni kwamba amri iliyokuwapo jana ingeweza kutoonekana leo. Mwaka 2007 menyu hizo ziliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na utepe wenye vichupo (Ribbon, yaani ule ukanda mpana wa vitufe ulio juu ya dirisha), na watu waliokwisha kukariri njia zao kwa miaka mingi wakalazimika kujifunza upya mahali pa kila kitu. Ubaya zaidi, toleo hilo la 2007 halikumpa mtumiaji wa kawaida uwezo wa kuupanga utepe huo. Aliloweza ni kuongeza vitufe katika upau mdogo wa juu tu. Uhuru wa kuongeza vichupo, kuviondoa na kuvipanga upya ulikuja na toleo la 2010, na mpaka leo huo ndio ufunguo wa sehemu kubwa ya haya nitakayoyaeleza.

Katika historia hiyo kuna kisa kinachoonyesha kwamba si kila kitufe kinachokosekana kina sababu ya kiufundi. Word 2007 ilipotoka haikuwa na amri ya kuhifadhi waraka kama PDF ndani yake, kwa sababu ya mvutano kati ya Microsoft na Adobe, kampuni iliyobuni PDF, na aliyeitaka alitakiwa kupakua nyongeza ya bure na kuisakinisha mwenyewe. Amri hiyo iliingizwa rasmi katika furushi la pili la masasisho, mwaka 2009. Kwa muda wote huo, mtu angeweza kuutafuta utepe mzima kitufe kwa kitufe bila mafanikio, huku jirani yake aliyesakinisha nyongeza ile akimshangaa.

Mwenye kutafuta kitufe anapaswa kwanza kupambanua hali mbili ambazo watu wengi huzichanganya: kitufe kilichopo lakini kimefifia kwa rangi ya kijivu, na kitufe kisichoonekana kabisa. Hali ya kwanza ina uungwana wake, kwani angalau programu inakiri kwamba kifaa kipo. Kasoro ni kwamba ukiweka kipanya juu ya kitufe kilichofifia, maelezo yanayojitokeza mara nyingi hueleza kazi ya kitufe hicho na si sababu ya kuzimwa kwake. Hapa ndipo Word inaponipotezea subira. Programu inajua fika kwa nini imekizima. Ingeweza kusema kwa sentensi moja.

Chukua mfano wa kitufe cha milinganyo ya hesabu, kilichopo upande wa kulia wa kichupo cha "Insert". Mwanafunzi amepokea kazi kutoka kwa mwenzake, ameifungua, amefika mahali anapotaka kuandika mlinganyo, na kitufe kimefifia. Anaanza kushuku kwamba programu yake haikusakinishwa vizuri. Jibu liko juu kabisa ya dirisha, kando ya jina la faili, palipoandikwa kwa herufi ndogo "Compatibility Mode": waraka ule ulihifadhiwa kwa mfumo wa zamani wenye kiambishi cha .doc, nao hauwezi kubeba milinganyo ya aina iliyoanza mwaka 2007, kwa hiyo Word imevizima vifaa vyote ambavyo mfumo huo haukuvijua. Tiba ni kwenda "File", kisha "Info", na kubofya "Convert", ingawa ni busara kutunza nakala ya faili la awali kwanza, maana mpangilio wa kurasa unaweza kuhama kidogo. Baada ya hapo kitufe hurudi kwenye rangi yake papo hapo. Tatizo zima humalizika kwa mibofyo mitatu, lakini hakuna chochote kwenye kitufe chenyewe kinachomwelekeza mtu kwenye mibofyo hiyo.

Milinganyo ina mtego wa pili unaohusu nyaraka za miaka ya nyuma. Kifaa cha zamani cha kuiandika, kilichoitwa Equation Editor 3.0, kiliondolewa na Microsoft kwa sasisho la Januari 2018 baada ya kugundulika kuwa na mianya ya kiusalama. Waraka wenye milinganyo iliyoandikwa kwa kifaa hicho bado utaionyesha vizuri, lakini ukiibofya mara mbili ili uirekebishe, hakuna kinachofunguka kama zamani. Uamuzi huo ninauunga mkono, kwa kuwa kifaa kilichokuwa mlango wa wadukuzi hakikustahili kubaki, lakini ni mfano wa kitufe ambacho hakitarudi hata usakinishe programu upya mara ngapi.

Sababu nyingine za vitufe kufifia ni rahisi kuzitambua ukishazijua. Faili lililopakuliwa kutoka kwenye intaneti au kuja kama kiambatisho cha barua pepe hufunguliwa katika hali ya ulinzi, likiwa na ukanda wa manjano juu yake, na vifaa vya kuhariri havifanyi kazi mpaka ubofye "Enable Editing", jambo usilopaswa kulifanya kama humwamini aliyekutumia. Waraka ambao mwenyewe ameufunga ili mabadiliko yote yafuatiliwe hautakuruhusu kuyakubali wala kuyakataa, na vitufe vya kazi hiyo katika kichupo cha "Review" vitakuwa vimekufa mpaka mwenye nenosiri aondoe kizuizi. Na kama karibu kila kitu kimefifia kwa wakati mmoja, katika kila waraka, tazama akaunti yako kabla ya kutazama waraka: leseni ikiisha au isipothibitishwa, Word hukuachia usome na uchapishe tu.

Tukija kwenye vitufe visivyoonekana kabisa, vingi kati yake vinasubiri tu uguse kitu kinachostahili. Kitufe cha kukata kingo za picha hakimo katika kichupo chochote cha kudumu. Hujitokeza pale tu picha yenyewe inapochaguliwa, ndani ya kichupo kinachozuka upande wa kulia na kutoweka tena ukibofya kwenye maandishi. Jedwali ni vivyo hivyo. Utaratibu huu una mantiki, lakini katika matoleo kadhaa jedwali lilizusha kichupo kilichoitwa "Layout" huku kichupo kingine chenye jina lilelile, cha mpangilio wa kurasa, kikiwa tayari kimekaa kwenye utepe, na mtu aliyeambiwa aende "Layout" akabaki na nusu ya uwezekano wa kukosea. Aliyeupitisha uamuzi huo hakuwahi, nadhani, kumwelekeza mtu kwa simu.

Upana wa dirisha nao huficha vitufe kwa namna inayowachanganya hata wazoefu. Word hupima nafasi iliyopo, na inapobana hupunguza kwanza maandishi yaliyo kando ya alama, kisha hukunja kundi zima la vitufe kuwa kitufe kimoja chenye mshale mdogo chini yake. Kwenye kompyuta ndogo ambayo Windows imekuzwa hadi asilimia 150, au mtu anapoweka madirisha mawili kando kwa kando, nusu ya vitufe vinavyoonyeshwa katika picha za maelekezo havitakuwa mahali pake. Kabla ya kufanya lolote gumu, tanua dirisha lijaze skrini. Na kama utepe mzima umetoweka ukabaki na majina ya vichupo peke yake, uwezekano mkubwa ni kwamba kimojawapo kilibofywa mara mbili bila kukusudia. Bonyeza Ctrl na F1 kwa pamoja na utarudi. Kwa watumiaji wa Mac, mchanganyiko ni Command, Option na R.

Kuna pia vifaa ambavyo Microsoft yenyewe imeamua visionekane mpaka viitwe. Kichupo cha "Developer", chenye makro (mfululizo wa amri unaotekelezwa kwa mkupuo mmoja) na visanduku vya kujaza fomu, huwa kimefichwa tangu programu inaposakinishwa. Kichupo cha kuchora hujitokeza chenyewe kwenye vifaa vyenye skrini ya kugusa, lakini kwenye kompyuta nyingine huenda ukahitaji kukiwasha. Vyote viwili hupatikana kwa kwenda "File", "Options", kisha "Customize Ribbon", na kuweka alama ya vema kwenye kisanduku cha jina lake upande wa kulia. Kifaa cha "Speak", kinachosoma maandishi uliyoyachagua, kimekuwapo tangu 2010 lakini hakijawahi kupewa nafasi kwenye utepe. Ni lazima ukichimbue katika orodha ya amri zote na kukiweka mwenyewe kwenye upau mdogo wa juu. Dirisha hilohilo la kupanga utepe lina orodha ya amri zisizokuwamo katika utepe, na ninamshauri kila anayeitumia Word kwa kazi nzito aipitie walau mara moja, kwa sababu ni ghala la vitu ambavyo watu hulipia programu nyingine ili wavipate.

Tofauti za matoleo ndizo zinazozalisha malalamiko mengi zaidi, na hapa lawama ninazielekeza moja kwa moja kwenye mpango wa biashara wa bidhaa hii. Jina "Word" hutumika kwa programu ya usajili wa Microsoft 365, kwa matoleo yanayonunuliwa mara moja kama 2016, 2019, 2021 na 2024, kwa ile ya Mac, kwa ile inayofunguliwa ndani ya kivinjari na kwa zile za simu. Matoleo ya kununua mara moja hupata marekebisho ya usalama kwa muda maalumu, ambao kwa 2016 na 2019 uliisha Oktoba 2025, lakini hayaongezewi vifaa vipya kadiri miaka inavyokwenda. Kitufe cha imla, kinachogeuza sauti kuwa maandishi, katika programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta ni cha wenye usajili, nacho kinahitaji intaneti kwa kuwa sauti huchakatwa mbali na kompyuta yako. Mwenye Word 2016 anaweza kukitafuta mpaka kesho. Swichi ya kuhifadhi kazi papo kwa papo hufanya kazi pale tu faili linapokuwa kwenye OneDrive au SharePoint, hifadhi za mtandaoni za Microsoft, na toleo la kivinjari haliendeshi makro hata kama waraka unazo. Hakuna ubaya kuuza vifaa kwa madaraja. Ubaya ni kwamba ndani ya programu hakuna mahali panapomwambia mtumiaji, kwa lugha ya kueleweka, kwamba kile anachokitafuta hakimo katika toleo alilolilipia. Kwa hiyo, kabla ya kufuata maelekezo ya mtu yeyote, fungua "File" na "Account", usome jina kamili la toleo lako, ndipo uangalie kama maelekezo hayo yanalihusu.

Nyongeza za watengenezaji wengine zina mambo yake. Kichupo cha Zotero, ambacho wanafunzi na watafiti hukitegemea kwa kupanga marejeo, ni mfano mzuri: kinaingia Word kupitia faili la kiolezo linalokaa katika folda maalumu ya kuanzia, na faili hilo likiondolewa au likizuiwa, kichupo kizima hutoweka bila kuaga. Word nayo ina desturi ya kuizima nyongeza ambayo iliwahi kuifanya izimike ghafla, na kuihamishia katika orodha ya vitu vilivyozimwa. Orodha hiyo ipo "File", "Options", "Add-ins", chini kabisa, kwenye kisanduku kidogo kilichoandikwa "Manage", ambako unachagua "Disabled Items" na kubofya "Go". Ukiikuta nyongeza yako humo, iwashe na ufungue programu upya. Usipoikuta, rudi kwa Zotero yenyewe: katika mipangilio yake, sehemu ya marejeo na programu za kuandikia, kuna kitufe cha kusakinisha tena nyongeza ya Word, na kwa kawaida hicho humaliza kazi. Ninaipongeza Word kwa kujilinda dhidi ya nyongeza mbovu, lakini kuificha orodha ya vilivyozimwa ndani ya tabaka nne za madirisha ni sawa na kumfungia mtu mlango na kuutupa ufunguo uvunguni.

Kinachoiokoa programu hii katika macho yangu ni kisanduku cha kutafutia amri. Kilianza na toleo la 2016, na siku hizi kimekaa juu ya dirisha; bonyeza Alt na Q, andika jina la unachokitafuta, na amri hutokea tayari kutekelezwa palepale. Mtu akikizoea kisanduku hiki, sehemu kubwa ya utepe huwa haina umuhimu kwake. Tatizo langu nacho ni dogo lakini halipuuziki: hukufanyia kazi uliyoiomba bila kukuonyesha kitufe chenyewe kinakokaa, kwa hiyo kesho utatafuta tena. Ukitaka kujua makazi halisi ya amri, itafute katika dirisha la kupanga utepe na uweke kipanya juu ya jina lake. Maandishi madogo yatakuambia kichupo na kundi lake.

LibreOffice Writer inashinda kwa uwazi katika jambo hili. Tangu toleo la 7.2 la mwaka 2021 nayo ina utafutaji wa amri, unaofunguliwa kwa Shift na Esc, na matokeo yake huonyesha njia nzima ya menyu inayofika kwenye amri hiyo. Ukibofya kulia kwenye upau wa vifaa unapata orodha ya vitufe vyake vyote, vinavyoonekana na vilivyofichwa, uchague kwa alama ya vema tu. Na pale dirisha linapobana, alama ya mishale miwili mwishoni mwa upau hukujulisha kwamba kuna vingine vilivyobaki nyuma. Aliyebadilisha mwonekano na kuingia katika mtindo wa vichupo anaweza kudhani kwamba menyu zake zimefutwa, lakini uamuzi huo hubadilishwa kwa urahisi. Hata hivyo Writer haina imla ya kwake, na kwa anayeihitaji, uwazi wa menyu hautamsaidia.

Google Docs ina vitufe vichache zaidi, hivyo vya kupotea ni vichache pia, lakini inavipoteza kwa mtindo wake. Upau mzima wa vifaa unapokosekana, kwa kawaida waraka umefunguliwa katika hali ya kutazama tu, ama kwa sababu hujapewa ruhusa ya kuhariri au kwa sababu ya kitufe kidogo kilicho kulia kinachobadilisha hali hiyo. Mtindo usio na kurasa, ulioletwa mwaka 2022, huondoa vichwa vya kurasa, namba zake na alama za maji, na anayetafuta namba za kurasa humo atazikosa mpaka arudi kwenye mpangilio wa kurasa.

Kama umepita njia hizi zote na kitufe cha Word bado hakipo, anza programu huku umeshikilia Ctrl ili ifunguke katika hali salama, bila nyongeza wala mapambo uliyoyaweka. Kikionekana humo, kosa liko katika nyongeza au katika mipangilio yako binafsi. Kisipoonekana, tumia ukarabati unaopatikana katika orodha ya programu za Windows, ukianza na ule wa haraka kabla ya ule unaopakua faili upya kutoka kwenye intaneti. Dirisha la kupanga utepe lina kitufe cha kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa siku ya kwanza, lakini hufuta kazi yote uliyoifanya ya kupanga vichupo vyako. Ndiyo maana kitufe cha "Import/Export" kilicho chini yake kinastahili kutumiwa kabla ya kuanza majaribio: hutoa faili moja dogo lenye mpangilio wako wote, unaloweza kulirejesha baadaye au kulihamishia kompyuta nyingine, ukikumbuka tu kwamba kuliingiza huko kutaufuta mpangilio wowote uliokuwapo kabla yake.